Nani alijenga barabara hii? Uzi kwa wanaogombana kila msimu

Wadau, kila msimu wa siasa ukikaribia, ugomvi ni ule ule. Mmoja anaweka picha ya barabara yenye lami nyeusi ti, anaandika "sisi ndio tulijenga." Mwingine anajibu, "ninyi mlikata utepe tu, pesa tulitafuta sisi." Watu mia tatu wanatukanana mpaka usiku wa manane, halafu asubuhi wote wanapanda matatu moja kwenda kazini. Nimeulizwa faraghani mara nyingi niko upande gani. Leo naandika uzi. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo usijisumbue kunitafutia kambi.

Nitatumia barabara moja tu. Ile ndefu inayotoka bandari ya Mombasa, inapita Nairobi, Nakuru, Eldoret mpaka Malaba, mpakani na Uganda. Kwenye ramani za serikali siku hizi inaitwa A8. Kwa wafanyabiashara wa kanda ni Ushoroba wa Kaskazini. Ukiwa Kibera, tawi lake moja liko kusini kwako: Southern Bypass. Ukiwa Kawangware, panda mpaka Kangemi na utaikuta ikiitwa Waiyaki Way. Yaani mitaa hii miwili tunayoishi imekaa katikati ya matawi mawili ya barabara moja inayolisha Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Lori linalopita hapo usiku halina habari na sisi. Na hivyo ndivyo lilivyopangwa tangu mwanzo, kama utakavyoona.

Njia yenyewe ni ya misafara. Kabla ya mkoloni kuweka afisi, watu walishatembea kwa miguu kutoka pwani kwenda Ukambani, Kikuyu na mpaka kwenye ziwa. Waingereza walipokuja na kampuni yao ya biashara, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, walipanua kile walichokikuta. Mwenye kampuni aliitwa Mackinnon, na ukisafiri kwenda Mombasa leo utapita mji mdogo ambao bado una jina lake: Mackinnon Road. Baadaye, miaka ya 1895 na 1896, afisa wa jeshi aitwaye Sclater akachimba barabara ya mikokoteni kutoka Kibwezi kuelekea Ziwa Victoria.

Hapo Kibwezi nisimame kidogo. Mwaka 1892 Waiyaki wa Hinga alikamatwa katika ngome ya Waingereza iliyoitwa Fort Smith, upande wa Kabete, akapelekwa kama mfungwa kuelekea pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi, mwaka huo huo. Leo barabara inayopita Kabete ina jina lake, na Kibwezi iko kando ya barabara hiyo hiyo. Kila ninapokwama kwenye msongamano pale Kangemi jioni, nalikumbuka hilo. Tunalitaja jina lake kila siku tukimwambia makanga tunashuka wapi, na wengi hatujui kwamba njia hii ndiyo aliyoswagwa nayo.

Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa 1899, ikagusa ziwa Kisumu 1901. Nairobi haikuwa mji, ilikuwa bohari na kambi ya wajenzi wa reli iliyokuwa ikienda kwingine. Askari Wanubi wa jeshi la mkoloni walipewa mahali pa kukaa kwenye msitu wa Kibra, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Ukiiangalia Kibera ya leo utaona jinsi ekari hizo zilivyomegwa: mitaa ya kifahari, gofu, bwawa, barabara. Waliobaki wakaitwa wavamizi kwenye ardhi ambayo babu zao waliwekwa na serikali yenyewe. Likumbuke hilo tutakapofika 2018.

Sasa kuna hoja moja watu hudhani ni mpya: mizigo ipite reli au barabara? Serikali ya kikoloni ilikuwa na deni la reli, kwa hivyo miaka ya 1930 ilizuia malori kubeba mizigo sambamba na reli. Ruka mpaka Agosti 2019. Reli mpya ya SGR, iliyofunguliwa 2017, ina deni kubwa, na amri inatoka kwamba makontena yote ya bara yapande treni. Mombasa watu wakaandamana, wenye malori wakalia, miji ya kando ya barabara kama Mariakani na Voi ikaona biashara ya mahoteli na gereji ikikauka. Mwaka 2022 amri ikaondolewa. Kwa hivyo yule anayekuambia kwamba hilo lilikuwa wazo la kiongozi fulani, mwambie asome ya karibu miaka tisini iliyopita. Deni ndilo lililoamua, nyakati zote mbili.

Ile kona kali ya kushuka Bonde la Ufa, ya Mai Mahiu, ilichongwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Kanisa dogo walilojenga mwaka 1942 bado liko hapo kando ya barabara. Wewe unayebishana nani alijenga, ongeza na hao kwenye orodha.

Uhuru ukaja. Mwaka 1965 serikali ilitoa ile karatasi maarufu, Sessional Paper Namba 10. Ndani yake kuna sera moja iliyoamua mengi: pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani penye mvua, ardhi nzuri, na usafiri tayari. Soma tena: usafiri tayari. Aliye na barabara akaongezewa barabara. Kaskazini wakasubiri. Ushoroba huu, uliokuwa umerithi reli na mashamba ya walowezi, ukawa wa kwanza kwenye foleni ya lami. Mwaka 1971, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, kule Addis Ababa, ikauweka kwenye mpango wa barabara ya kutoka Mombasa hadi Lagos. Mwaka 1985 Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikatia saini mkataba wa kupitisha mizigo. Zaire ikajiunga baadaye, na Sudan Kusini ilipozaliwa ikaingia pia.

Najua kuna anayesubiri kuniuliza: je, upendeleo wa kikabila kwenye barabara haukuwepo? Ulikuwepo. Na si porojo za kijiweni. Kuna utafiti uliochapishwa 2015 katika jarida la wanauchumi wa Marekani, uliochunguza pesa za barabara Kenya tangu 1963. Ulionyesha kwamba wilaya zenye kabila moja na rais zilipata matumizi ya barabara maradufu, na urefu wa lami mara tano. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo wapenda ugomvi huiacha: wakati wa siasa za vyama vingi upendeleo huo ulitoweka. Kwa hivyo yule anayesema "sisi hatukupata kwa sababu ya kabila" anaweza kuwa sahihi kuhusu miaka fulani na akawa amekosea kabisa kuhusu miaka mingine. Muulize anazungumzia mwaka gani.

Barabara yetu ni kisa tofauti kidogo, kwa sababu kila utawala umeihitaji. Tuchukue Southern Bypass, maana hiyo tunaiona kwa macho.

Wazo la kuzungusha malori nje ya jiji limo katika mpango wa ukuaji wa Nairobi wa 1973. Huo ni utawala wa kwanza. Wa pili ulikaa nalo miaka 24 bila kumwaga kokoto. Utawala wa tatu, Februari 2004, tingatinga ziliingia kijiji kimoja cha Kibera upande wa kusini na kukibomoa, kwa sababu kilikuwa juu ya ardhi ya baipasi. Maelfu ya watu wakalala nje. Na barabara? Ujenzi ulianza 2012. Watu walihamishwa upesi ili ardhi ikae tupu miaka minane. Utawala wa nne ukaimalizia, karibu kilomita 29 kutoka Mombasa Road hadi Gitaru, kwa mkopo wa benki ya China na mkandarasi wa China. Haya sasa, nani alijenga? Aliyechora, aliyebomoa, aliyekopa au aliyefungua? Picha ni moja, madai ni manne.

Sasa 2018. Hii si barabara kuu yenyewe, ni kiungo cha kuunganisha Ngong Road na Lang'ata kupitia ndani ya Kibera. Ilisemwa itapunguza msongamano, na kwa kweli ilihitajika. Mamlaka ya barabara za mijini, KURA, Tume ya Haki za Binadamu na Tume ya Ardhi zilikuwa kwenye mazungumzo ya kuwahesabu watu na kupanga jinsi ya kuwahamisha. Watu wakahesabiwa. Nyumba zikapigwa alama. Kisha alfajiri ya Julai 23, kabla mpango huo kutekelezwa, tingatinga zikafika na polisi. Makadirio yaliyotolewa wakati huo ni watu karibu 30,000. Shule kadhaa zilianguka siku hiyo, watoto wakiwa katikati ya mwaka wa masomo. Wanubi waliokuwa na nyumba za tangu enzi za babu zao walibomolewa pamoja na mpangaji aliyehamia mwezi uliopita.

Hapa ndipo ugomvi wa mitandaoni hunichosha. Upande mmoja unasema "wapinga maendeleo," mwingine unasema "wauaji." Mimi nimepita barabara hiyo, nimepanda gari lililotumia dakika chache pale ambapo zamani ungezunguka Ngong Road nusu saa. Barabara ni nzuri. Na mpango wa kuwahamisha watu ulikuwepo kwenye karatasi. Vyote viwili ni kweli. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: lami ilikuwa na tarehe ya mwisho, watu hawakuwa nayo.

Tuje kwa pesa, maana neno "tulijenga" hapo ndipo linapoanguka. Tangu sheria ya 1993, kila lita ya petroli na dizeli ina ushuru wa kutengeneza barabara. Mwaka 2016 ulifika shilingi 18. Julai 2024 ukapandishwa hadi 25. Mwaka 2025 serikali ikachukua shilingi 7 kati ya hizo na kuziweka rehani, ikapata pesa za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wanadai. Kwa lugha ya stejini: ushuru wa miaka ijayo umeshatumika. Huna gari? Unalipa kwenye nauli ya 46 kila asubuhi, na kwenye bei ya nyanya zilizoletwa na lori. Halafu sehemu kubwa ya watu wa Kibera na Kawangware huenda kazini kwa miguu, wakivuka barabara ambazo wamezilipia lakini hazikuchorwa kwa ajili yao. Vivuko vya miguu huja mwisho, wakati mwingine baada ya vifo.

Na kuna tozo. Nairobi Expressway, ile ya juu ya nguzo kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022. Kampuni ya China iliijenga kwa pesa zake na itakusanya ada kwa miaka 27. Boda boda na tuktuk haziruhusiwi. Ni kipande cha ushoroba huu huu, ila sasa kina geti. Anayesema serikali yake "ilijenga" Expressway hasemi uongo kamili, serikali ilitoa njia. Lakini mwenye geti ni mwingine.

Kipande kinachofuata ndicho ningependa tukijadili kwa makini badala ya matusi: Rironi hadi Mau Summit. Mwaka 2020 kilitiwa saini na makampuni ya Ufaransa. Mkataba huo ukavunjwa 2025, kazi ikapewa Wachina wakishirikiana na NSSF. Ndiyo, ile NSSF inayokatwa kwenye mshahara wako. Itakuwa barabara ya tozo pia. Maana yake mfanyakazi wa Kawangware mwenye karatasi ya mshahara anaweza kuwa mmiliki kidogo wa barabara, kupitia akiba yake ya uzeeni, na hapo hapo akalipa tozo anapokwenda kwao Krismasi kwa gari la Nakuru. Ikifanya vizuri, pensheni yake inakua. Malori yakikwepa na kutafuta njia nyingine, hasara pia ni yake.

Maswali yangu ni haya matatu na sijaona mtu wa upande wowote akiyajibu hapa. Magari yakipungua kuliko ilivyokadiriwa, nani anafidia tofauti? Tozo ikipandishwa, nani ana sauti ya mwisho? Na wale wanaouza mahindi na viazi kando ya barabara kuanzia Kinungi kwenda mbele, wamehesabiwa? Mwenye mkataba wenyewe, si taarifa ya magazeti, auweke hapa chini tuusome.