KODI, KAHAWA NA KAZI: FUNZO LA BUKOBA NA MULEBA

Neno kodi lina maana mbili katika Kiswahili. Ni fedha anayotoa raia kwa serikali yake, na ni fedha anayotoa mpangaji kwa mwenye nyumba au mwenye shamba. Wakulima wa Buhaya walizijua maana hizo zote mbili kwa wakati mmoja, na zote zilitoka kwenye mbuni ule ule. Kwa hiyo, kila linapozuka swali kwamba Halmashauri zipunguze kodi na ushuru ili biashara za wenyeji zikue na vijana wapate kazi, hapana budi tuulize kwanza: Ni kodi ipi? Na ile nafuu itaishia mkononi mwa nani?

Historia inatupa jibu. Kabla ya ukoloni, Wahaya walitafuna kahawa na kumkaribisha nayo mgeni. Wajerumani walijenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, na mwaka 1897 wakatoa amri ya kodi ya nyumba katika koloni lao. Shabaha ya kodi hiyo haikuwa kujaza hazina peke yake. Ilikuwa pia kumlazimisha mkulima atafute fedha, yaani auze mazao au auze nguvu zake. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliiunganisha Bukoba na Mombasa na soko la dunia. Kahawa ikawa bidhaa, na mkulima akawa mlipa kodi.

Waingereza waliendeleza mfumo huo kwa sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922. Pembeni ya kodi ya serikali ilisimama kodi ya nyarubanja. Ardhi iliyokuwa ikilimwa na watu iliwekwa chini ya mabwana, na mkulima akawa mtwarwa anayelipia shamba analolihudumia mwenyewe. Mfumo huo ulikuwa na mizizi mirefu Ihangiro, ambayo leo imo wilayani Muleba. Mkulima wa namna hiyo, hata kama serikali ingempunguzia kodi yake, angebaki na nini cha kuwekeza? Bwana wake alikuwa papo hapo akisubiri.

Ni dhahiri kwamba wananchi hawakukaa kimya. Mwaka 1936 Klemens Kiiza na wenzake waliunda chama cha wakulima wa kahawa ili wauze mazao yao bila kuwategemea wachuuzi wa kati. Mwaka 1937 wakulima walizipinga kwa nguvu kanuni za kilimo cha kahawa walizoletewa bila kuulizwa, na serikali ikajibu kwa polisi. Lakini haja ya umoja haikufa. Mwaka 1950 kilianzishwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BCU.

Baada ya Uhuru hatua mbili zinafaa kupimwa pamoja. Ya kwanza ni sheria za mwaka 1965 na 1968 zilizouvunja unyarubanja. Hatua hiyo ilimwachia mkulima shamba lake na mapato ya shamba hilo. Ya pili ni ya mwaka 1969, Serikali ilipofuta kodi ya kichwa ya halmashauri na ushuru wa mazao. Mwananchi alipumua, lakini halmashauri zilipoteza mapato yao makubwa. Shule, zahanati na barabara zikahamia mikononi mwa Serikali Kuu, na mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa. Zilirudi mwaka 1984, kufuatana na sheria za mwaka 1982, na pamoja nazo ikaja kodi ya maendeleo iliyodumu hadi mwaka 2003. Funzo ni wazi: nafuu isiyojazwa pengo lake huwa deni, na deni hilo hurudi kulipwa na mwananchi yule yule.

Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Tuchukue mfano. Kahawa ya shilingi 1,000,000 ilitozwa 50,000. Sasa ikatozwa 30,000. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, lakini mnunuzi huutoa ushuru huo katika bei. Kwa hiyo shilingi 20,000 zilizosalia zingeweza kumfikia mkulima. Je, zinamfikia? Kagera kuna desturi inayoitwa butura: mkulima mwenye shida ya ada au matibabu huiuza kahawa ikingali mtini, kwa bei ya kutupa. Siku ya mavuno mwenye kahawa si yeye tena. Nafuu ya ushuru inakwenda kwa aliyemkopesha, kama vile zamani ilivyokwenda kwa bwana wa nyarubanja. Viongozi wamepiga marufuku butura mara nyingi, lakini marufuku haimlipii mtoto ada. Dawa yake ni chama cha ushirika chenye uwezo wa kumkopesha mwanachama kabla ya msimu, na kumlipa kwa wakati anapoleta kahawa.

Kuna jambo la pili. Kazi nyingi hazipatikani katika kuuza kahawa ghafi. Hupatikana katika kuikoboa, kuikaanga, kuisaga na kuifunga. Kiwanda cha TANICA cha mjini Bukoba, kilichozaliwa katika miaka ya 1960, ni ushahidi kwamba kahawa ya Kagera inaweza kufikishwa kikombeni ikiwa bado Kagera. Basi kama Halmashauri ina ushuru wa kusamehe, imsamehe anayeongeza thamani hapa hapa na kuajiri watu hapa hapa, kwa muda uliowekwa na kwa hesabu zinazosomwa mbele ya wananchi. Anayesamehewa ushuru kisha akasafirisha magunia na kuacha vijana vijiweni amepewa zawadi tu, na zawadi hiyo imetoka kwenye dawa za zahanati.

Ndugu msomaji, kupunguza kodi si jambo baya, wala kutoza kodi si dhambi. Kila pendekezo la nafuu litakapofika mbele ya baraza la madiwani, Bukoba au Muleba, lipimwe kwa maswali matatu: Siku ya kuuza, mali imo mkononi mwa nani? Pengo litajazwa na nini? Ni kazi ngapi zitabaki hapa? Pendekezo lisilo na majibu hayo lirudishwe.