Hadithi Inapopata Fanani Mpya: Historia ya Mfululizo wa Fallout

Katika somo la fasihi simulizi huwa tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba fanani hubadilika, hadhira hubadilika, na hadithi nayo hubadilika kila isimuliwapo upya. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini ina walakini. Haisemi ni nani mwenye idhini ya kubadilisha, wala haisemi hadhira inayoikumbuka hadithi ya awali ifanye nini inapoona mambo yamepotoshwa. Bibi akikosea jina la mhusika usiku wa hadithi, mjukuu humkatiza papo hapo: sivyo ulivyosema jana! Je, hali huwaje fanani anapokuwa kampuni, na hadithi inapokuwa mali inayouzwa na kununuliwa?

Swali hili lilitujia baada ya mwanafunzi wetu mmoja kutaka kuandika tasnifu kuhusu usimulizi katika michezo ya kompyuta. Wapo watakaouliza michezo ya kompyuta imefuata nini katika jarida la Idara ya Kiswahili. Tunawaomba wavute subira. Makala haya yanachunguza mfululizo mmoja wa Kimarekani uitwao Fallout, ambao tangu mwaka 1997 umepitia kwa mafanani wengi, baadhi yao wasiojuana kabisa.

Mchezo wa kwanza ulitolewa na kampuni ya Interplay ya California mwezi Oktoba 1997. Miongoni mwa waundaji wake walikuwemo Tim Cain, Leonard Boyarsky, Jason Anderson na Chris Taylor. Hadithi yenyewe inaeleza kwamba tarehe 23 Oktoba 2077 vita vya nyuklia viliiteketeza dunia, na baadhi ya Wamarekani wakanusurika katika mahandaki makubwa yaliyochimbwa ardhini. Mwaka 2161 kipuri cha mtambo wa maji kinaharibika katika Handaki Namba 13, na mchezaji anatumwa nje kutafuta kingine. Huko jangwani anakutana na kijiji kidogo kiitwacho Shady Sands, kinachoongozwa na mzee Aradesh. Mzee huyo ana binti aitwaye Tandi. Tunamwomba msomaji ayakumbuke majina ya Shady Sands na Tandi, maana tutarejea kwayo.

Fanani alibadilika mapema mno. Mwanzoni mwa mwaka 1998 Cain, Boyarsky na Anderson waliondoka Interplay wakaanzisha kampuni yao, Troika. Mchezo wa pili ukamaliziwa na wenzao waliobaki, katika kitengo kilichoitwa Black Isle, ukatoka Oktoba mwaka huohuo. Hapa ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo mtunzi wa riwaya halijui. Katika mchezo wa aina hii mchezaji ndiye anayeamua: anaweza kumwokoa Tandi anapotekwa na wanyang'anyi, au akamwacha, naye akafa. Kuna miisho mingi, na kila mchezaji anaondoka na wake. Sasa anayekuja kusimulia yaliyotokea miaka 80 baadaye ashike mwisho upi?

Black Isle waliamua. Tandi hakufa. Mwaka 2241 tunamkuta akiwa ajuza na rais wa Jamhuri ya California Mpya, dola lililochipuka kutoka katika kijiji kilekile cha Shady Sands. Aidha, waliuliza swali ambalo mchezo wa kwanza haukuliuliza: kwa nini handaki lililojengwa kwa gharama kubwa kiasi kile likose kipuri cha akiba? Jibu lao lilikuwa kwamba vipuri vilikuwepo, ila vilipelekwa kimakosa katika handaki jingine. Kisha wakaongeza jibu zito zaidi: mahandaki mengi hayakukusudiwa kuokoa watu bali kuwafanyia majaribio. Maelezo hayo hayakuwepo mwaka 1997. Hata hivyo, hayakufuta chochote kilichosemwa kabla. Yaliyatia mambo ya awali sababu. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo namna bora ya kuendeleza hadithi ya mwenzio.

Mwaka 2001 Interplay iliikabidhi kampuni ya Micro Forté ya Australia kazi ya kuunda Fallout Tactics, mchezo wa mapigano uliopeleka hadithi hadi pande za Chicago, na wachezaji wakaanza kulalamika kwamba mambo mengi hayapatani na yale waliyoyajua. Mwaka uliofuata Chris Avellone, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa mchezo wa pili, alianza kukusanya na kutoa kwa mafungu waraka uliopewa jina la Biblia ya Fallout. Jina hilo lisimshtue msomaji. Katika uandishi wa televisheni huko Marekani ni desturi kuuita hivyo waraka unaohifadhi tarehe, nasaba na kanuni za ulimwengu wa kubuni. Avellone alipokea maswali ya wachezaji, akayajibu, akapanga matukio kwa miaka, na pale alipoona michezo yenyewe inapingana alikiri waziwazi. Tunaona kazi hii kuwa ya thamani kubwa kuliko alivyodhani pengine mwenyewe. Mkatizaji wa usiku wa hadithi alikuwa amepewa nafasi, na masahihisho yake yakaandikwa.

Iliandikwa kwa wakati wake. Desemba 2003 Interplay, iliyokuwa imelemewa na madeni, ilikifunga kitengo cha Black Isle. Mchezo wa tatu waliokuwa wakiuunda, uliojulikana ndani kwa jina la Van Buren, ukafa kabla ya kuzaliwa. Mwaka 2004 kampuni ya Bethesda ya Maryland ilipata kibali cha kuunda mchezo mpya, na mwaka 2007 ikainunua Fallout moja kwa moja kwa dola milioni 5.75. Troika nao walikuwa wameiwania. Boyarsky alieleza baadaye uchungu wa kuikosa, akaufananisha na wa mzazi aliyeuziwa mtoto wake.

Ni kitu gani hasa kilichonunuliwa? Majina, picha, alama na haki ya kusimulia. Kumbukumbu za watu waliotunga hazikuwemo katika mkataba, kwa kuwa watu hao walikuwa wametawanyika. Mwaka huo wa 2007 Todd Howard wa Bethesda alitamka kwamba, kwa upande wao, Tactics na mchezo mwingine wa mwaka 2004 uitwao Brotherhood of Steel ni kana kwamba havikutokea. Hii ni kauli ya mwenye mali, na wapo walioiona ya kibabe. Lakini Bethesda walifanya pia jambo la busara: waliihamisha hadithi. Fallout 3 ya mwaka 2008 inatokea Washington mwaka 2277, kilomita elfu kadhaa kutoka California. Aliye mbali na kaburi la babu ana nafasi kubwa zaidi ya kujenga bila kulikanyaga.

Hata hivyo, hawakutaka kuviacha nyuma vitu viwili vilivyopendwa: majitu yaliyozaliwa na virusi vya maabara, na Udugu wa Chuma, kundi la wanajeshi wanaokusanya mitambo ya kale na kuwanyima wengine. Majitu yakapewa chimbuko jipya katika Handaki Namba 87. Kuhusu Udugu, ilielezwa kwamba Mzee Lyons alitumwa mashariki na wakubwa wake wa California, akawaonea huruma wakazi wa huko, akaanza kuwalinda. Wachezaji wa zamani walipinga kuwa Udugu haukuwa na huruma kamwe. Cha kuvutia ni kwamba upinzani huohuo umo ndani ya mchezo. Baadhi ya askari wa Lyons wanajitenga naye, wakidai kwamba yeye ndiye aliyeasi na wao ndio waliobaki katika njia ya asili. Yaani fanani mpya aliijua hadhira yake, akayaweka malalamiko yake vinywani mwa wahusika. Tena, mwandishi wa kumbukumbu wa Udugu anakutajia kwa ufupi kikosi chao cha Chicago kilichopotea na kuasi. Tactics, iliyokwisha kukanwa, ikarudi kwa mlango wa nyuma.

Sisi wa Kiswahili hatuna sababu ya kulistaajabia hili. Habari za Pate zilitufikia katika matoleo kadhaa yaliyochapishwa, likiwemo la Stigand mwaka 1913, la Alice Werner muda mfupi baadaye na la Heepe mwaka 1928, nayo hayalingani katika kila jambo. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva aliyaweka pamoja ili yalinganishwe, bila kulazimisha moja liyameze mengine. Tofauti ni kwamba Pate ilikuwepo kweli, na mtafiti anaweza kwenda kuyatazama magofu yake. Shady Sands haina magofu nje ya maneno yanayoisimulia. Maneno hayo yakivurugwa, hakuna pengine pa kukata rufaa.

Mwaka 2010 lilitokea jambo la nadra. Bethesda iliipa kampuni ya Obsidian kazi ya kuunda Fallout: New Vegas. Obsidian ilianzishwa mwaka 2003 na watu waliotoka Black Isle, akiwemo Avellone mwenyewe, na mkurugenzi wa mchezo huo, Josh Sawyer, alikuwa amefanya kazi katika Van Buren. Mafanani wa kale wakarudishiwa ngoma yao kwa muda, ingawa ngozi sasa ni ya mwingine. Walirudi magharibi, mwaka 2281, wakaitazama Jamhuri ya Tandi kama mwanahistoria aitazamavyo dola: imekua, ina kodi, ina wabunge, ina jeshi lililotandazwa mbali kuliko uwezo wake. Jeshi la Kaisari, lililokuwa limebuniwa kwa ajili ya Van Buren, likapata uhai hapo. Tukiulizwa ni mchezo upi umetunza mwendelezo kuliko yote, tutautaja huu bila kusita. Sifa yake haimo katika tarehe. Kila kitu ndani yake kimezaliwa na kitu kilichotangulia.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuyapima makosa. Katika mchezo wa pili kijana mwenye majigambo aitwaye Myron anadai kwamba yeye ndiye aliyebuni dawa ya kulevya iitwayo Jet. Katika Fallout 4 ya mwaka 2015 dawa hiyo inakutwa ndani ya handaki lililofungwa siku ya vita, zaidi ya miaka 150 kabla ya Myron. Wachezaji waliandika kurasa na kurasa. Sisi tunaliona kosa dogo, maana muongo huweza kudai kuwa amevumbua hata moto.

Lililozuka mwaka 2024 ni kubwa zaidi. Tamthilia ya televisheni ya Fallout, iliyotolewa na Amazon mwezi Aprili, ilionyesha ubao wa darasani wenye maneno yanayouweka mwanguko wa Shady Sands katika mwaka 2277, na mshale ukielekea kwenye mchoro wa mlipuko. Wachezaji wa New Vegas wakashangaa: Jamhuri itakuwaje imara mwaka 2281 ikiwa mji wake wa asili uliteketezwa miaka minne nyuma? Howard alifafanua kwamba bomu lilianguka muda mfupi baada ya matukio ya New Vegas. Tarehe ikawekewa kiraka, na wengi wakaridhika. Sisi hatukuridhika sana, na sababu yetu si tarehe. Kijiji kile kilikuwa kimepandwa mwaka 1997, kikamwagiliwa na mafanani watatu, na katika hadithi yenyewe kilichukua miongo kadhaa kuwa dola. Kukiangamiza inaruhusiwa, kwani dola huanguka. Lakini New Vegas ilikuwa imekwisha kuonyesha namna ambavyo dola hiyo ingeanguka, kwa uzito wake yenyewe. Tamthilia ikachagua bomu la mtu mmoja aliyekimbiwa na mkewe. Jangwa likarudi kuwa jangwa, tayari kwa hadithi mpya, na kazi ya kupanda ikaanza upya.

Kuhusu msimu wa pili, ulioanza Desemba 2025 na unaoipeleka hadithi New Vegas kwenyewe, watayarishaji wameeleza kwamba hawapendi kuuhalalisha mwisho mmoja wa mchezo dhidi ya mingine. Ni heshima kwa mchezaji, na tunaielewa. Lakini ikumbukwe kwamba Black Isle walipata mhusika wao mkuu kwa kufanya kinyume chake. Wangeogopa kusema kwamba Tandi aliokolewa, pasingekuwa na rais.

Tangu Machi 2021 Bethesda na Obsidian zote mbili ziko chini ya Microsoft, hivyo mafanani wa zamani na wapya wanakula katika sinia moja, angalau kwa hesabu za kampuni. Nyaraka za mwanzo ni habari nyingine. Mwaka 2025 Tim Cain alisimulia kwamba alipoondoka Interplay aliamriwa kuharibu kumbukumbu zote alizokuwa ametunza za uundaji wa Fallout, akatii, na baadaye kampuni ikaja kumuuliza kama anazo, kwa kuwa yenyewe ilikuwa imezipoteza zake. Wiki chache hazikupita, Rebecca Heineman, mmoja wa waasisi wa Interplay, akajitokeza kusema kwamba maandishi ya programu za mchezo wa kwanza na wa pili hayajapotea. Alikuwa na nakala. Alikuwa amezitunza mwenyewe, kwa mazoea yake ya miaka mingi ya kuhifadhi kila alichoweza. Heineman alifariki Novemba ya mwaka huohuo.