Jina la Askofu katika Ramani ya Barafu



Juma hili tumeitazama nakala ya ramani kuukuu ya pwani ya Alaska, iliyotokana na upimaji wa mwanafizikia Harry Fielding Reid, miaka ya 1890 na 1892. Inaonyesha Ghuba ya Glacier: vilele, mito ya barafu ishukayo baharini, na nafasi nyingi nyeupe. Miongoni mwa majina aliyoyatoa Reid limo la Louis Rendu, padre wa Savoy aliyeandika juu ya mwendo wa barafu mwaka 1840, kisha akawa Askofu wa Annecy. Hatukutarajia kukutana na askofu mahali pale, nasi tunakiri kwamba tulifurahi.

Lakini weupe ule wadanganya. Mwaka 1794, maofisa wa Nahodha George Vancouver walipopita, palikuwa na ukuta wa barafu na kijighuba kidogo tu. Mwaka 1879 John Muir, akiongozwa na Watlingit, aliikuta barafu imerudi nyuma maili nyingi. Wageni wakadhani wanaona nchi mpya, isiyopata kukaliwa na mtu.

Kumbe Watlingit wa Huna walikuwa na makazi yao bondeni humo, wakivua samoni. Katika karne ya 18 barafu ilisonga mbele, ikavisaga vijiji, wao wakakimbia. Wengi baadaye wakakaa Hoonah, ng'ambo ya mlango wa bahari. Barafu ilipoondoka walirudi kuvua, kuwinda sili na kuokota mayai ya shakwe. Katika lugha yao jina la mahali hapo lina maana ya ghuba iliyoshika nafasi ya barafu. Jina hilo pekee ni historia nzima, na mpimaji angeweza kuipata kwa kuuliza.

Mwaka 1925 serikali ya Marekani iliitenga sehemu hiyo iwe hifadhi, na mwaka 1980 ikawa hifadhi ya taifa. Wenyeji wakazuiwa kuwinda sili na kuokota mayai katika nchi ya babu zao, eti ni pori la kulindwa. Ilihitajika sheria ya mwaka 2014 ili ruhusa ya kuokota mayai ipatikane.

Mwezi Agosti 2016 nyumba ya ukoo ilifunguliwa ufukoni, Bartlett Cove, kwa ushirikiano wa hifadhi na Wahuna. Walifika kutoka Hoonah kwa mitumbwi ya kuchongwa, wakipiga makasia.