Uani Kuna Riziki



Jina la Mtendeni, mjini Tabora, ni jina la mti. Autajaye mtaa huu autaja mtende, atake asitake. Lakini pita leo katika miji yetu, utaona nyua nyingi zimepigwa saruji tupu, na mwenye nyumba amtuma mtoto dukani kununua kitunguu kimoja na fungu la mchicha. Ukimuuliza husema, "Kiwanja changu kidogo, nitalima wapi?" Jibu limo katika tarikhi ya Tabora yenyewe.

Katika karne ya 19 hapa Unyanyembe palikuwa kituo kikuu cha misafara. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, asifike Kaze, penye Tabora ya leo, ila tarehe 7 Novemba. Alipokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Fikiri: safari ya zaidi ya miezi minne! Nani angengoja kitunguu kutoka pwani? Kwa hiyo watu walipanda pale pale walipokaa. Stanley alipofika mwaka 1871 alikuta kando ya matembe ya Waarabu ngano kidogo ya matumizi ya nyumbani, michungwa, milimau, mipapai na miembe. Tena vitunguu, thumu, pilipili, matango, nyanya na mabiringani. Maziwa na samli havikukosekana.

Wanyamwezi nao hawakungoja kufundishwa na mgeni namna ya kutunza nyumba. Viazi vitamu walivikata vipande wakavianika vibichi, vikawa michembe. Au walivichemsha kwanza ndipo wakavianika, vikawa matobolwa. Chakula hicho hukaa miezi mingi bila kuoza, kikawavusha watu kiangazi. Wengi husimulia kwamba hata jina la Tabora limetokana na matobolwa hayo. Tazama basi: mji mzima waitwa kwa kazi ya jikoni, nasi twaidharau kazi hiyo!

Hata hivyo, tarikhi haisomwi kwa jicho moja. Nyingi katika bustani zile zililimwa kwa mikono ya watumwa, na sheria ya kufuta utumwa Tanganyika haikutoka mpaka mwaka 1922. Aliyekula chungwa kivulini siye aliyeuchotea maji mchungwa. Hilo si la kuiga. Nawe jiulize: nyumbani kwako ni nani achotaye, afagiaye na apaliliaye? Ikiwa ni mkeo peke yake, au binti uliyemtoa kijijini nawe humlipi haki yake, basi ua wako una kasoro ile ile ya zamani. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Basi ni nani miongoni mwetu aliye mkubwa hata aone haya kushika jembe uani?

Anza na kidogo. Mwembe ni mti mkubwa, huenda kiwanja chako kisiutoshe. Lakini mpapai hausongi nyumba, tena huzaa mapema. Mchicha huota hata katika karai lililotoboka. Maji yaliyooshewa mboga na mchele yasimwagwe njiani, yamwagiwe miche. Kuku wawili watatu watakula makombo, nao watakupa mayai na mbolea. Na mama ajuaye kuanika michembe amfundishe mwanawe wa kiume pamoja na wa kike, maana njaa haichagui.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Hakutaja ukubwa wa shamba.