Mposho, Simba na Lutuku: Karne ya Pombe Katika Ukanda wa Shaba

Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, madola yaliyotawala Afrika yalitia saini mkataba wa pombe. Ulikataza kutengeneza pombe kali katika sehemu kubwa ya bara hili, hata kumiliki mitambo ya kuikeneka. Ubelgiji, iliyotawala Kongo, ilikuwa mmojawapo wa watia saini, na hivyo lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo ya jimbo la Katanga, kusini mwa Kongo, ikawa haramu.

Bia haikuguswa. Katika miaka ya 1920 kiwanda cha bia kilianza kazi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na chapa yake ya Simba ingali inanywewa hadi Kolwezi. Whisky na divai zilikuwa za Mzungu. Mkongomani wa kawaida hakuruhusiwa kuzinunua hadi miaka ya 1950. Rangi ya ngozi iliamua nani alewe nini.

Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937, kama makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba. Kampuni hiyo ilikuwa imeacha kutegemea vibarua wa miezi michache: tangu 1928 ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikamtaka mfanyakazi aje na mkewe, na ikagawa mposho wa unga kila wiki. Akina mama wakapika munkoyo na kibuku, vinywaji vya nafaka vilivyochachuliwa, na penye usiri, lutuku.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Shule, hospitali na mposho viliendelea, hadi mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990. Shaba iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilishuka chini ya 50,000 kufikia 1994. Mishahara ikakatika.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi ameandika jinsi baba wa familia alivyopoteza mamlaka nyumbani pindi alipokosa mshahara. Sasa biashara ndogondogo za mke ndizo zilizolisha watoto, na pipa la lutuku likawa mojawapo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango wa kuachishwa kazi.

Nafasi yao ikashikwa na wachimbaji wadogo, creuseurs, wanaolipwa taslimu kwa gunia la madini. Shimoni kuna giza, vumbi na hatari ya kufukiwa. Wengine hutafuta ujasiri kwenye kikombe cha lutuku au msokoto wa bangi. Nguvu ya lutuku haipimwi na mtu. Ikiwa na methanoli, hushambulia neva ya jicho: mnywaji hupofuka, au hufa.

Polisi humwaga mapipa, kama walivyofanya wenzao wa enzi ya Wabelgiji. Lakini uraibu ni ugonjwa wa ubongo. Mlevi wa miaka mingi akinyimwa pombe ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka na kupata degedege la kuua, hali inayodhibitiwa kwa dawa chini ya uangalizi wa daktari. Mkataba wa 1919 haukuwa na kifungu juu ya mgonjwa huyo.