Pale Ugonjwa Usipofika

Vitabu vya udaktari vilivyoandikwa Ulaya vilikuwa na tabia moja: ugonjwa usioonekana katika wodi za huko uliitwa nadra, hata kama ulikuwa unajaza vitanda mahali pengine. Albert Cook, mmisionari wa Kiingereza aliyefungua hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Katika kumbukumbu zake wamo watoto waliovimba taya kwa namna ambayo vitabu vyake havikuieleza. Kwa zaidi ya nusu karne watoto hao waliendelea kuletwa hospitalini, na kila daktari aliyempokea mmoja alidhani amekutana na kioja cha peke yake.

Mwaka 1957, Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazamie mtoto wa kiume wa miaka 5. Uso ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yanalegea. Usaha ukiingia kwenye mfupa hauenei hivyo, wala hapakuwa na saratani iliyojulikana kuanzia sehemu nne kwa mpigo. Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja tangu utotoni, alipiga picha akabaki na swali lake. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kikazi, akachungulia dirishani na kumwona mtoto ameketi nje na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Alitoka kumpima. Tumboni nako akakuta uvimbe.

Aliporudi Kampala alianza kupekua kadi za zamani za Mulago. Humo akagundua kwamba watoto wa taya walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini na ovari, ila kila kiungo kilikuwa kimeandikwa kwa jina lake na hakuna aliyewahi kuviunganisha. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958 na haikumshtua mtu. Baadaye mpatholojia Gregory O'Conor alionyesha kwamba yote ni saratani moja ya chembe za limfu.

Hatua iliyofuata ilitokana na maneno ya mgeni. George Oettlé, mtaalamu wa saratani kutoka Afrika Kusini, alipita Kampala, akaonyeshwa wagonjwa, akasema kwao ugonjwa huo haupo. Kwa wengi hiyo ingekuwa habari ya kupita tu. Burkitt aliielewa kwa namna nyingine: kama Uganda upo na Afrika Kusini haupo, basi kati yao kuna mpaka, na mpaka ukijulikana huenda sababu nayo ikajulikana. Kwangu mimi hapo ndipo alipoacha kuwa mpasuaji mwenye wagonjwa wa ajabu akawa mpelelezi. Alichapa vipeperushi vyenye picha, akavituma katika hospitali za Afrika nzima akiuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii?

Mwezi Oktoba 1961 alianza safari pamoja na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari la Ford lililokwisha kutumika. Kwa wiki 10 walikwenda maili 10,000 hivi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lilelile. Ramani ikaanza kujichora. Karibu na ikweta uvimbe huo haukuonekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Maeneo makavu nayo hayakuwa nao. Ulipenda joto na mvua, yaani mahali pa mbu. Ila Zanzibar na Pemba, visiwa vya joto na mvua tele, vilikuwa salama. Jibu la kitendawili hicho lilikuja baadaye: visiwani malaria ilikuwa imepunguzwa sana kwa kampeni za kuidhibiti. Mbu hawaambukizi saratani. Malaria kali ya mara kwa mara ndiyo inayoichosha kinga ya mtoto na kumfungulia mlango mhusika mwingine.

Huyo mwingine alipatikana London. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara hospitali ya Middlesex, na Anthony Epstein, kijana aliyekuwa akisaka virusi vya saratani, akatoka ukumbini ameshaamua kazi yake. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuambulia kitu. Kisha kifurushi kimoja kikachelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester badala ya London. Kilipomfikia, maji yake yalikuwa yametibuka, na mtu mwingine angekitupa akidhani ni bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini akakuta chembe za uvimbe zenyewe, hai, zinaelea. Kutokana na chembe hizo aliweza kuotesha nyingine, na mwaka 1964, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokiona ndani yake. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, na ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Karibu watu wazima wote duniani wanacho, na wengi mno hakiwadhuru.

Matibabu nayo yalitokana na ukosefu. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na kumkata mtoto taya zote hakuwezekani. Burkitt akajaribu dawa za saratani zilizokuwa changa wakati huo, kama methotreksati na siklofosfamidi. Uvimbe ulioufunga uso wa mtoto ukayeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa kwa dozi chache tu. Mwaka 1967 ilianzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na ulimwengu wa matajiri ukaja Mulago kujifunza.

Swali la "wapi haupo" lilitumika tena kwenye ugonjwa wa konzo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza juu ya watu wa Kwango, Kongo, ambao miguu yote miwili ilikakamaa ghafla, pengine kati ya jioni na asubuhi, bila homa. Mwaka 1981 jimbo la Nampula, Msumbiji, lilipata wagonjwa zaidi ya 1,000 wakati wa ukame, na hofu ya kwanza ilikuwa polio. Lakini polio huacha mguu umelegea, na hii iliukaza. Tena watoto wanaonyonya waliachwa, wakapatwa walioanza kula ugali. Hans Rosling na Julie Cliff, waliokuwa wakifanya kazi nchini humo, waliufuata muhogo mchungu: usipolowekwa vya kutosha hubaki na sayanaidi, na mwili usiopata maharage wala samaki hauna nguvu ya kuiondoa. Tarime, Tanzania, ilipatwa mwaka 1985, pia baada ya ukame. Kisa kinachonichoma zaidi ni cha Bandundu, Kongo: barabara ya lami ilifika, soko la Kinshasa likataka mihogo haraka, na wanawake waliokuwa wakiloweka siku tatu wakapunguza hadi moja. Kinga ya konzo haitaki daktari. Unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba na kuachwa juani saa mbili, sumu ikapanda hewani. Miguu iliyokwisha kukaza, hata hivyo, hairudi.

Mahenge, mkoani Morogoro, swali hilo bado lina kazi. Louise Jilek-Aall, daktari wa Kinorwe, alifungua kliniki ya kifafa huko mwaka 1960, akakuta watu wenye makovu ya moto, waliotengwa kwa sababu jamii iliamini mate yao yanaambukiza. Aliwapa fenobabitoni, wengi wakarudi kulima. Pia aliandika kuhusu watoto ambao, kabla ya degedege lenyewe, huinamisha kichwa tena na tena. Wenyeji walisema mtoto amesinzia kichwa. Miaka ya 1990 hali hiyo ilionekana Sudan Kusini, kisha Kitgum na Pader kaskazini mwa Uganda, ambako chakula kikiwekwa mbele ya mtoto kichwa huanza kuinama. Ugonjwa huo huonekana karibu na mito ya kasi, wanakozaliana usubi wanaoeneza minyoo ya onkoserka. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba kinga inayopigana na mnyoo huo inaweza kuzishambulia chembe za neva zenyewe, ingawa wengine wanatafuta maelezo tofauti. Ubishi huo haukuzuia kazi: kaskazini mwa Uganda mito ilinyunyiziwa dawa na watu wakapewa ivamektini mara mbili kwa mwaka, na wagonjwa wapya wakakoma kuonekana. Waliokwisha kuugua wanaendelea na vidonge vya kifafa kila siku, na nyumbani kuna mtu wa kuwaangalia wasikaribie jiko.