UZI: "Si alijiandikisha mwenyewe?" Historia ya jibu tunalowapa wanajeshi wetu

1. Kila mjadala wa wanajeshi wetu walio nje ya nchi ukiwaka, huku mtandaoni majibu huwa mawili tu. Kundi la kwanza: "Si alijiandikisha mwenyewe? Mshahara anakula, basi aende." Kundi la pili: "Wanapeleka watoto wa maskini wakafe." Leo turudi nyuma kidogo, manake ubishi huu umeanza kabla babu zetu hawajazaliwa. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaka vita vya rangi za vyama, huu uzi si wako.

2. Nina sababu yangu ya kuandika. Binamu yangu mdogo ni mwanajeshi mchanga, hata mwaka haujaisha tangu amalize mafunzo. Ameambiwa ajiandae, zamu yao ya kuvuka mpaka inakaribia. Sitataja kikosi wala kambi, na mnajua ni kwa nini. Nitamfikia hapo mbele. Kwanza historia.

3. Tuchukue hilo neno "kujiandikisha". Mwaka wa 1914 Waingereza walikuwa upande huu, Wajerumani upande wa Tanzania bara ya leo. Vita ya wazungu ikaletwa hadi mlangoni kwetu. Shida ilikuwa usafiri. Barabara hakuna, na punda, farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kwa hivyo risasi, unga na mahema vilibebwa kichwani na watu. Kikosi cha wabebaji kiliitwa Carrier Corps, na mdomo wetu ukalitengeneza jina hilo upya. Ndiyo maana Nairobi kuna Kariokor na Dar es Salaam kuna Kariakoo. Unaponunua kiondo pale Kariokor, uko kwenye jina la jeshi la wabebaji.

4. Mwanzoni walisema ni kazi ya kujitolea. Watu walipoona wenzao hawarudi, waliacha kujitolea. 1915 ikapitishwa sheria ya kuwalazimisha. 1917 ukafanyika msako mkubwa kuliko yote: wakuu wa wilaya wakapewa idadi, nao wakawagawia machifu. Sasa jiulize, chifu akiambiwa alete watu mia moja, ataanza na nani? Hataanza na mwanawe. Ataanza na kijana asiye na mtu wa kumsemea.

5. Hesabu rasmi ya wabebaji wa upande wa Waingereza waliokufa ilipita 40,000, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na chakula kibovu. Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi: wengi walikufa wakiwa wanadai mshahara. Majina yalikuwa yameandikwa ovyo, vijiji havikujulikana, na familia hazikulipwa. Pesa za marehemu zikabaki serikalini.

6. Vita ilipoisha 1918, waliorudi walipata nini? Mashamba yaligawiwa wanajeshi wazungu kupitia mpango wa 1919 wa kuwapa makazi, na baadhi ya ardhi hiyo ilikatwa kwa Wanandi. Mwafrika akapata kipande cha kuvaa shingoni na kodi ya juu. 1928 ikasimamishwa ile sanamu ya askari na mbebaji katikati ya Nairobi. Sanamu ni nzuri, napita hapo mara nyingi. Lakini mjane hali sanamu.

7. Vita vya pili, 1939. Hapa hadithi inabadilika, na lazima tuwe wakweli. Wakenya kama 98,000 hivi walihudumu. Wako waliolazimishwa, hasa wa vikosi vya kazi za mikono. Lakini wengi walienda kwa miguu yao kujiunga na Keya, ndivyo wazee walivyoiita King's African Rifles. Kwa nini? Kodi ilikuwa inadaiwa, mshahara wa shamba la mlowezi ulikuwa wa aibu, ardhi imebanwa. Keya ilitoa chakula, viatu, mshahara na heshima ya yunifomu. Kwa hivyo kundi la kwanza lina ukweli hapa: walijiandikisha wenyewe. Ila angalia walijiandikisha kwa nini. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na Mjapani.

8. Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa imejaa askari na wauguzi. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives na kuzama kwa dakika chache. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Ni moja ya misiba mikubwa kabisa ya vita hivyo baharini. Hebu jiulize uliwahi kufundishwa shuleni. Mimi sikufundishwa.

9. Waliofika Burma walipigana kwenye bonde la Kabaw msimu wa mvua, matope hadi magotini, malaria kila upande, mpaka wakavuka mto Chindwin Desemba 1944. Mmoja wa Wakenya waliokuwa Burma ni Waruhiu Itote, ambaye baadaye mlimjua kama Jenerali China wa Mau Mau. Katika kitabu chake cha 1967, Mau Mau General, anasimulia jinsi askari mwenzake Mwingereza alivyomuuliza anapigania nini hasa. Mwingereza alijua anapigania kwao. Itote hakuwa na jibu la kumridhisha yeye mwenyewe, na swali likamkaa kichwani.

10. Hapo ndipo napenda tusimame. Itote hakuwa mwoga. Mtu aliyeenda kuishi msituni Mlima Kenya akipigana na serikali huwezi kumwita mwoga. Kilichomsumbua ni kwamba aliuza maisha yake bila kuambiwa yananunua nini. Ukisikia kijana wa jeshi anajuta, usikimbilie kusema anaogopa. Wakati mwingine ameanza tu kufikiria lile swali la Burma.

11. Tukapata uhuru. Wiki sita baadaye, Januari 1964, askari wa Lanet, Nakuru, wakaasi, siku chache tu baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda. Malalamiko yalikuwa mshahara na maofisa wa Kiingereza waliobaki juu yao. Uasi ulizimwa kwa msaada wa jeshi la Uingereza, na waasi wakafikishwa mahakama ya kijeshi. Siungi mkono askari kuchukua silaha kudai nyongeza, hapana. Nataka tu uone kwamba hata baada ya bendera kubadilika, askari hakuwa na mlango wa kubisha.

12. Sasa turudi kwa binamu. Alimaliza kidato cha nne na alama ya wastani, akafanya mjengo, akaendesha boda ya mtu miaka miwili. Siku ya kuandikisha makurutu alienda uwanjani alfajiri na mamia ya wenzake. Kabla ya siku hiyo, jamaa mmoja alikuwa amemfuata baba yake akisema ana njia, ila njia ina bei. Mzee akauza ng'ombe wawili na kukodisha shamba. Kijana akakimbia, akapimwa urefu, uzani, meno, macho, akapita. Mpaka leo hatujui kama zile pesa zilifika popote. Huenda angepita tu kwa miguu yake, na yule jamaa alikula pesa ya bure. Matapeli wa barua bandia za mwito hukamatwa karibu kila msimu, na bado wazee wanauza ng'ombe.

13. Alinipigia wiki iliyopita. "Kaka, mimi nilitaka kazi. Vita nilikuwa naona kama ya watu wa runinga." Nikamuuliza kama anataka kuacha. Akanyamaza, kisha akasema, "Nikitoka, ng'ombe watarudi? Nitamwangalia baba vipi?" Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kukitokea kitu kule, mtaambiwa ukweli?" Nikamwambia amsikilize kamanda wake, ajitunze, na akirudi tuongee. Ningesema nini kingine?

14. Kisheria, kuacha si kama kuacha kazi ya dukani. Mwanajeshi amekula kiapo. Kutoroka ni kosa linalokupeleka mahakama ya kijeshi, na adhabu yake ni kifungo. Katiba ya 2010, kifungu cha 24(5), inaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki zake, zikiwemo za kujiunga na chama, kuandamana na haki za wafanyakazi. Sina shida na hilo. Jeshi linalopiga kura kabla ya kila amri si jeshi. Lakini ukimnyamazisha mtu kwa sheria, basi lazima awepo mwingine wa kumsemea.

15. Huyo mwingine ni Bunge. Kifungu cha 240(8) kinasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kupeleka majeshi nje kwa kazi za kulinda amani au misaada mingine, kwa idhini ya Bunge. Hata mzozo wa polisi kwenda Haiti ulipitia hapo: Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho ni cha jeshi, hakiwahusu polisi. Sasa kumbuka Somalia. Wanajeshi walivuka mpaka Oktoba 2011, baada ya watalii kutekwa Lamu na wahudumu wa misaada kutekwa Dadaab. Serikali ikasema ni kujilinda. Bunge likaidhinisha wajiunge na AMISOM Desemba. Yaani viatu vilitangulia, kura ikafuata.

16. Tusidanganyane pia kwamba hakuna sababu ya kuwa kule. Kismayo ilitoka mikononi mwa Al-Shabaab 2012. Waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 walikuwa 148, na wengi walikuwa watoto wa maskini pia. Mtu wa Mandera au Lamu ana haki ya kuuliza ni nani atamlinda. Swali la kubaki au kutoka ni gumu, na anayekwambia ni rahisi anatafuta kura.

17. Ila kuna jambo ambalo si gumu. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa. Vyombo vya habari vya kimataifa vilitaja zaidi ya wanajeshi 140 waliouawa. Serikali haikutangaza idadi kamili. Familia zilizika watoto wao mmoja mmoja, kila kijiji na jeneza lake, na taifa halikuambiwa jumla. Mwaka uliofuata, Januari, ikawa Kulbiyow, na tena hesabu zikabishaniwa. Linganisha na namba 5 hapo juu. Miaka mia imepita, na bado tunashindwa kuhesabu waliokufa.

18. Kwa hivyo kwa kundi la kwanza: ndiyo, alijiandikisha. Lakini makubaliano yana pande mbili. Yeye ametoa mwili wake. Sisi tunamdai atii, naye anatudai ukweli, sababu, na matunzo akirudi hana mguu au akirudi halali usiku. Huwezi kumshika kwa sahihi yake halafu ukakimbia ya kwako.

19. Na kwa kundi la pili: acheni kumfanya mwanajeshi mtoto mdogo aliyeibwa. Wengi wanaijua kazi yao na wanajivunia, na binamu yangu mwenyewe yunifomu anaipenda. Ukisema "watoto wa maskini" wakati wa kampeni tu, kisha ukiingia Bungeni usiulize swali hata moja kuhusu matunzo ya majeruhi, wewe pia unawatumia. Halafu tuulize kwa nini kijana wa miaka 22 anaona kazi iko jeshini tu. Njaa hiyohiyo ndiyo imewafikisha vijana wetu kwenye vita vya Ukraine upande wa Urusi, wakiwa wameahidiwa kazi za kawaida, kama tulivyosoma tangu 2025.

20. Basi mkikutana na mtu anayetaka kura yenu, wa rangi yoyote, muulizeni haya matano. Utakubali wanajeshi wavuke mpaka kabla ya kura ya Bunge? Kila idhini itakuwa na lengo na tarehe ya kuangaliwa upya? Wakiuawa, utatangaza idadi, na ndani ya siku ngapi? Majeruhi na wajane watalipwa na nani, na lini? Utafanya nini ili mzee asiuze ng'ombe ndiyo mwanawe akimbie uwanjani? Akijibu kwa kuimba wimbo wa uzalendo, mwambie umesikia, sasa ajibu swali.

Maoni yako wazi hapo chini. Kama babu yako alikuwa Keya, tuandikie jina lake na alikopigana. Matusi nitafuta.